Kuta za rangi ya mkonge

Jana mleta barua alinigongea mlango na bahasha ya tisa. Ndani mlikuwa na matofali matano, kila moja na vinundu vinane mgongoni, yamefungwa kwenye nailoni kama pilipili manga ya dukani. Hela niliyoyalipia, kwetu Tanga ingeanzisha msingi wa banda la kuku. Nimeyapanga dirishani na kuyatazama hadi chai ikapoa.

Ninajenga Green Grocer ya LEGO, wale wa matofali ya plastiki ya kuchezea, namba 10185, jengo lenye duka la mboga chini na makazi juu, vipande 2,352. Ilitoka mwaka 2008, Marekani ikiuzwa dola 149.99. Mwaka huo nilikuwa darasa la sita na LEGO siijui hata kwa jina. Sisi tulijenga kwa udongo na vifuniko vya soda. Kiwanda kiliacha kuitengeneza zamani, na boksi ambalo halijafunguliwa sasa linaulizwa bei ya kodi ya chumba changu hapa Leicester, Uingereza, miezi miwili. Kuna seti nyingi nzuri na za bei nafuu. Lakini Mama aliuza nyanya na mchicha kwenye genge pale Chumbageni, na hili ni genge, hata kama wamelijengea ghorofa.

Basi nikaamua kuinunua kama mafundi wa gari wanavyonunua spea, kimoja kimoja.

Mwongozo wa kujenga ni bure, LEGO wenyewe wameuweka kwenye tovuti yao. Orodha ya vipande nimeipata kwenye tovuti ya Rebrickable, na ununuzi nafanya BrickLink, soko la mtandaoni lililoanzishwa mwaka 2000 na mtu mmoja tu, Dan Jezek, na LEGO wakaja kulinunua mwaka 2019. Humo kila muuzaji ana duka lake, bei zake, nauli yake ya posta na kiwango chake cha chini cha kununua. Huyu ana milango lakini hana madirisha. Yule ana madirisha kwa bei ya kutupa, ila nauli inakula faida yote. Mwezi mzima nilirudi kutoka zamu ya usiku na kukaa na kalamu, nikihamisha vipande kutoka kapu hili kwenda lile, nikiokoa senti kumi na kupoteza usingizi. Sijui kama hiyo ni hesabu au ni ugonjwa.

Vitu vya kawaida havikunisumbua. Tofali la kijivu, bapa jeusi, hivyo vimejaa kila duka. Nimenunua vingi vilivyotumika, nikaviosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni na kuvianika kwenye taulo. Kimoja kina alama za meno ya mtoto. Sikukirudisha, nimekiweka ndani ya ukuta, chini ya ngazi, asipokiona mtu.

Shida ni ukuta wa mbele. Rangi yake LEGO wanaiita Sand Green. Mimi naiita rangi ya mkonge, na aliyepita Muheza hadi Korogwe wakati wa kiangazi ataielewa mara moja: kijani chenye vumbi, kilichochoka na jua. Tofali la namba 3008, lile la vinundu vinane, katika rangi hii limekuwa kama johari. Muuzaji mmoja alinitumia ya kijani kibichi kabisa, akasema kwenye picha yanafanana. Hela alirudisha, lakini wiki tatu zilikuwa zimekwenda.

Nikaona nipunguze gharama. Mahali pa tofali moja la vinane nikaweka mawili ya vinne, urefu ni ule ule. Kozi tano za matofali zikapanda kwa jioni moja. Nikajipongeza, nikampigia Baba kwa video nimwonyeshe.

Baba ni mwashi mstaafu, amejenga nusu ya mtaa wetu.

“Shikamoo Baba. Tazama nyumba yangu.”

“Marahaba mama. Hebu sogeza simu. Sogeza tena.” Akanyamaza. “Huo ukuta kajenga nani?”

“Mimi.”

“Mbona maungio yamefuatana? Juu, chini, juu, chini, mstari mmoja. Huo utapasuka hapo hapo katikati.”

Nikamwambia ni plastiki, Baba, inashikana. Akasema hata saruji inashikana. Nikabonyeza kwa kidole, kidogo tu, na ukuta ukafunguka kama pazia. Alicheka mpaka nikasikia watu wa barazani wakiuliza kuna nini.

Kisha akauliza nina vipimo gani vingine. Nikamwonyesha vya vinundu sita na vya viwili. Akanielekeza kama alivyokuwa akimwelekeza saidia fundi wake: kozi hii anza na sita umalizie na mbili, inayofuata anza na mbili umalizie na sita, yale mazima yaweke pale kwenye uzito. Tulivunja kozi zote tano na kuzijenga upya, yeye kwenye mkeka, mimi sakafuni, simu imeegeshwa kwenye chupa ya chai. Muuzaji aliyenifungia yale ya sita hana habari kwamba matofali yake yamepangwa na mzee wa Chumbageni.

Hayo matano ya jana ndiyo mazima ya juu ya mlango. Yamekaa vizuri. Bado nahitaji mengine manne, na nimeyaona kwa muuzaji mmoja wa Uholanzi ambaye hauzi chini ya yuro ishirini. Baba kaniuliza leo asubuhi bei ya moja. Nilimtajia nusu yake, na bado akasema, “Ya saruji unapata ngapi kwa hiyo?”