Begonia zilikataa kuota mpaka nilipoacha kuzifukia

Jamani, hatimaye begonia zangu, maua yale ya kuning'inia, zimekubali, tena nilizipanda mwezi wa saba, na baridi ya Mbeya mnaijua.

Mara mbili niliambulia patupu. Kwanza nilizifukia kama mchicha. Kisha nikazimwagilia kwa kikombe, maji yakazisomba zote pembeni. Mbegu zenyewe ni vumbi. Ukipiga chafya umepoteza shamba.

Safari hii nilichekecha udongo, nikaumwagia maji ya moto, nikauacha upoe. Mbegu nikazichanganya na mchanga mkavu kidogo, nikazinyunyiza kwa karatasi iliyokunjwa. Sikufukia hata chembe: zinataka mwanga ndipo ziote. Kopo nikaliweka kwenye beseni la maji, likanywa kutoka chini hadi udongo wa juu ukabadilika rangi. Nikafunika kwa nailoni, nikaliweka dirishani jikoni, ndani kunakobaki na joto la nyuzi 20 hivi, jua lisipige moja kwa moja.

Siku ya 16 nikaona kijani kama ukungu, nusura nikifute! Miche niliihamisha kwa kijiti cha meno. Sasa iko kwenye vikapu barazani, upande wa kivuli, na shina moja limeshavuka ukingo.