Haikuwa bawasiri: nilivyotibiwa fistula ya njia ya haja kubwa

Mimi ni fundi cherehani, nashonea Ngamiani hapa Tanga, na kazi yangu ni ya kukaa kutwa. Naandika haya hasa kwa ajili ya wanaume wenzangu, maana kwetu ukitaja fistula watu wanafikiria akina mama tu. Fistula ya uzazi ipo na ni mateso makubwa: uchungu ukikwama muda mrefu, kichwa cha mtoto hukandamiza nyama za kibofu kwenye mfupa wa nyonga, damu haifiki, nyama inakufa, na siku chache baadaye mama anaanza kuvuja mkojo bila kuweza kujizuia. Umoja wa Mataifa umeitengea siku yake, tarehe 23 Mei, na akina mama wengi wametibiwa katika hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam. Lakini fistula ni njia yoyote isiyotakiwa kuwepo, iwe kati ya kiungo na kiungo au kati ya kiungo na ngozi. Yangu ilianzia ndani ya njia ya haja kubwa ikatokea kwenye kalio.

Ilianza kama jipu. Pembeni ya njia ya haja kubwa palivimba, homa ikapanda, sikuweza kukaa wala kupanda bodaboda. Zahanati wakalipasua, usaha ukatoka, nikapata nafuu, nikarudi kazini. Ila kidonda hakikufunga. Kilibaki kitundu kidogo mno, mke wangu alikiona kwa kumulika tochi ya simu, na kilikuwa kikitoa majimaji yenye harufu. Kuna nyakati kilikauka kabisa. Kisha panavimba upya, panauma, homa inarudi, panapasuka, maumivu yanatulia. Ukiona hali inazunguka hivyo, usikae ukisubiri ipoe yenyewe.

Kila niliyemdokeza alisema ni bawasiri. Mjomba wangu, Mungu ambariki kwa nia yake, aliniletea chupa ya mizizi. Duka la dawa wakanipa antibayotiki. Homa ilishuka, tundu likabaki palepale. Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba: mtu huona damu nyekundu akienda choo, anawashwa, wengine hutokwa na kinyama. Usaha unaotoka kwenye tundu la pembeni ni jambo jingine kabisa, na hakuna dawa ya kunywa inayoziba njia ile. Nalisema hili kwa uchungu, maana nawajua watu wanaomaliza akiba zao kwenye chupa hizo.

Nilikuwa na mambo mawili yaliyonisumbua kuliko maumivu yenyewe. La kwanza nguo. Fundi anapimisha wateja, anainama mbele ya watu, na mimi nilikuwa nikihofia doa na harufu. Mke wangu ndiye aliyenipa pedi zake, akanionyesha namna ya kuzibandika kwenye chupi. Nilibadilisha kila zilipolowa, nikajiosha kwa maji matupu bila sabuni yenye manukato, nikajikausha kwa kugusagusa na kitambaa cha pamba, si kwa kusugua. Ngozi ilikoma kuchubuka. La pili ni sala. Nilimwendea ustadhi wa msikiti wetu nikamweleza faragha. Akaniambia, "Mwenye udhuru hasamehewi sala, ila amefanyiwa wepesi. Jisafishe, jifunge vizuri, tia udhu wakati ukishaingia, uswali." Sikuacha sala ya jamaa kwa sababu ya ugonjwa ule.

Kazini nilihamia meza ya kukatia, ambako mtu anasimama, kijana wangu akashika cherehani.

Hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, ndiko nilikoonana na daktari wa upasuaji. Nawaambia kabisa kinachofanyika ili asiogope mtu: unalala ubavu, magoti umeyakunja kifuani, daktari anavaa glovu na kupima kwa kidole. Alipogusa pembeni ya tundu alihisi kamba ngumu chini ya ngozi ikielekea ndani. Nesi aliyekuwepo alinishika bega akasema, "Baba, usione haya, hii ndiyo kazi yetu." Daktari akaniuliza kama nina kikohozi cha muda mrefu, kama nimepungua uzito, kama tumbo linaharisha mara kwa mara. Nilipimwa sukari na VVU. Kumbe kifua kikuu nacho huweza kusababisha fistula ya hapo, yapo pia maradhi ya utumbo yanayoileta, na sukari isiyodhibitiwa hukawiza kidonda kupona.

Akanichorea kwenye karatasi. Ndani ya njia ya haja kubwa kuna tezi ndogondogo. Moja ikiziba na kuingiwa na bakteria, usaha unakusanyika, unatafuta pa kutokea, unachimba hadi kwenye ngozi. Jipu likishapasuka, wapo wanaopona moja kwa moja, lakini wengine hubakiwa na njia yenye midomo miwili. Mdomo wa ndani unaendelea kupokea uchafu, ndiyo maana wa nje hata ukifunga leo utafunguka kesho.

Kisha akaeleza kilicho kigumu. Njia ikiwa fupi na imepita juujuu, inapasuliwa urefu wake wote, inaachwa wazi ipone. Ikiwa imepenya msuli unaobana haja, ukiukata wote kwa pupa mtu anaweza kushindwa kuzuia choo maisha yake yote. Yangu ilikuwa imepenya msuli. Kwa hiyo nilichomwa ganzi ya mgongoni, wakapitisha kijiti chembamba cha chuma kutoka tundu la nje hadi la ndani, wakakifuatisha na uzi, wakaufunga ukawa kitanzi. Madaktari huuita setoni. Unaiacha njia wazi ili usaha utoke wote na uvimbe uishe kwanza.

Mimi ninayeshinda na uzi mkononi niliuliza maswali mengi kuhusu ule uzi. Hauumi ukishauzoea, unauhisi tu unapotembea, na hutakiwi kuukata wala kuuvuta. Njia hii ni ya kale: maandishi ya Hippocrates, tabibu wa Ugiriki, yanaeleza kutumia uzi uliochanganywa na unywele wa farasi. Hata mfalme Louis XIV wa Ufaransa aliugua fistula hii, akapasuliwa mwaka 1686. Habari hiyo ilinipa moyo kuliko pole nyingi nilizopewa, kwa sababu aibu yangu ilikuwa kubwa na kumbe maradhi haya hayachagui.

Miezi ilipita na uzi, kisha nikapasuliwa mara ya pili kumalizia. Hapo ndipo ilipo kazi ya mgonjwa mwenyewe. Kidonda hakishonwi. Kinatakiwa kijae nyama kutoka chini kuja juu. Ngozi ikifunga mapema, uchafu unabaki ndani na mambo yanaanza upya. Kila nikitoka choo, na asubuhi na jioni, nilikalia beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo kwa dakika kama kumi. Mke wangu alilipima joto kwa kiwiko, kama anayemwogesha mtoto mchanga. Halafu gozi safi, kile kitambaa cha kufunikia kidonda, ikilazwa bila kushindiliwa. Sikupaka spiriti, wala unga wa vidonge, wala majani.

Chakula nacho kina nafasi yake, kwa sababu choo kigumu kinapasua kidonda. Nilikula dona, maharage, kisamvu, mchicha, papai, na machungwa ya Muheza pamoja na nyama zake, na maji nilikunywa kutwa. Dawa ya kulainisha choo nilipewa hospitali. Haja ikija usiizuie, na chooni usijikamue.

Sasa pamefunga, nimerudi kwenye cherehani, na haja naizuia kama zamani. Daktari hakunificha kwamba fistula inaweza kurudi hata baada ya upasuaji mzuri, kwa hiyo bado nakwenda kuangaliwa. Wanaume huja kibandani kwangu wakijifanya wanataka kupunguziwa suruali, wanasubiri wateja waondoke, kisha wananiuliza kwa sauti ya chini. Nawafungia pazia la kupimia nguo, tunazungumza. Mwenye uvimbe unaouma na homa namwambia asingoje kesho, aende hospitali siku hiyohiyo. Mwenye damu tu pia namwambia akapimwe, kwa sababu damu ina sababu nyingi na mimi ni fundi wa nguo, si tabibu. Anayeona haya kwenda peke yake, tunakwenda wote.