Nilivyojifunza kusikia kabla ya kudai

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kiko Kibirizi, Kigoma, na wengi wetu ni wanawake tunaoishi kwa dagaa. Alfajiri tunanunua mwaloni boti zinapoingia, tunaanika, tunafunga magunia, mzigo unasafiri. Anayeifahamu kazi hii anajua fedha yake haina tarehe. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikishamiri boti nyingi hupumzika na mwalo unapoa. Masika nayo ina mambo yake: mvua inakukuta umeshaanika, mzigo unalowa, unaanza kuharibika, na mtaji wenyewe ulikuwa wa kukopa. Ndiyo maana siku ya marejesho watu hawaji na hesabu peke yake. Kila mmoja anakuja na jinsi alivyolala.

Waliponichagua kuwa mwenyekiti nilijua kazi ya daftari, na sanduku lenye kufuli tatu nililizoea. Nililokuwa sina ni namna ya kukaa mbele ya mtu mzima, tena wa umri wa mama yangu, anaposimama na kuuliza kwa sauti ya juu fedha zao ziko wapi. Mafunzo mengi ya uongozi yanazungumzia dira na mipango. Kwetu uongozi unapimwa hapo, mtu anapokunyooshea kidole na wenzake wote wanakutazama usoni.

Kilichonifungua ni somo la afisa maendeleo ya jamii kuhusu akili hisia, yaani uwezo wa mtu kuzisoma hisia zake na za wenzake na kuzitumia vizuri. Nikaendelea kusoma mwenyewe kwenye simu. Peter Salovey na John Mayer, wanasaikolojia wa Marekani, ndio walioliweka jambo hili kitaaluma mwaka 1990, na baadaye wakaligawa katika uwezo wa aina nne: kuitambua hisia, kuitumia isaidie kufikiri, kuielewa imetoka wapi na inaweza kugeuka nini, na kuisimamia. Mpangilio huo ulinipendeza kwa sababu kusimamia kumewekwa mwisho. Wengi wetu tumelelewa kuanzia hapo, tukiambiwa tujikaze na tunyamaze, bila kwanza kujua tunanyamazia nini.

Nikaanza na mwili wangu. Kwangu hasira hutangulia na dalili: koo linakauka na masikio yanapata joto. Nikiiona dalili hiyo kikaoni, kabla ya kujibu lolote naandika pembeni mwa daftari neno moja la ninachokisikia. Kitendo hiki ni kidogo mno, lakini kina msingi. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walipima ubongo wa watu waliokuwa wakitazama picha za nyuso zenye hisia. Waliotakiwa kuitaja hisia hiyo kwa neno, sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, inayohusika sana na hofu na tahadhari, ilipunguza msisimko wake. Mimi sina mashine ya kupima ubongo, ila najua kalamu ikishagusa karatasi sauti yangu hurudi. Na mara nyingi neno ninaloandika si hasira. Ni aibu, au hofu ya kuonekana nimeshindwa.

La pili lilikuwa kujiwajibisha, na hapa niliamua kuwa mkali kwa nafsi yangu kuliko kwa yeyote. Niliugawa ukurasa mara mbili: upande mmoja yaliyo mikononi mwangu, upande wa pili yasiyo mikononi mwangu. Mwezi, mvua, bei ya sokoni na maneno ya watu vilikwenda upande wa pili. Upande wa kwanza nikabaki na rejesho langu mwenyewe, ukweli wa taarifa ninayosoma, saa ninayofika, na sauti ninayotumia. Nikawa wa kwanza kulipa kila kikao, mbele ya wote, na deni langu likawa la kwanza kusomwa. Hilo pekee lilipunguza minong'ono kuliko hotuba yoyote. Mwenyekiti anayedai wenzake huku lake halijulikani hana pa kusimama.

Jambo ninalotaka mwenzangu yeyote anayeongoza kikundi alielewe ni hili la taarifa. Kiongozi anayefoka hufichwa. Mama ambaye mzigo wake umeoza hatakuambia Jumatatu ili mtafute njia pamoja, atasubiri hadi kikao cha Ijumaa asionekane kabisa, simu imezimwa. Na hapo katikati, kwa kuogopa kudhalilika mbele yenu, ameshakimbilia kausha damu. Amekopa kwa riba ya kutisha ili alipe rejesho lenu dogo. Kitabuni ataonekana amelipa vizuri, nanyi mtampigia makofi, kumbe mmemsukuma kwenye shimo. Mimi siupendi kabisa utaratibu wa baadhi ya vikundi wa kwenda kundi zima nyumbani kwa mdaiwa kubeba godoro na vyombo. Fedha kidogo inarudi, lakini tangu siku hiyo hakuna atakayekwambia ukweli.

Kwa hiyo nilibadili njia. Nikisikia mtu ameyumba, naenda peke yangu, mchana, naketi, tunasalimiana kwa kirefu kama ilivyo desturi, na swali langu la kwanza linahusu kazi: "Mama, mzigo wa safari hii umekwendaje?" Deni nalitaja baadaye, naye mara nyingi analitaja kabla yangu. Faini ya kuchelewa iko palepale, katiba yetu inasema hivyo, wala siisamehi kwa huruma ya siku moja. Upole nao una mipaka yake. Mwanachama mmoja alidhani utulivu wangu ni mlango wa kupita bila kulipa. Alipoona faini yake imeandikwa kama ya wengine alikasirika, na baadaye akajitoa. Alichukua akiba yake baada ya deni kukatwa, tukaagana kwa heshima.

Kisha ukaja mwaka 2024. Serikali ilitangaza kusimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki na dagaa wapate nafasi ya kuzaliana na kukua. Ilitokana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa hili: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Sababu niliielewa, na kila mzee wa mwaloni alikuwa ameshasema samaki wamepungua. Lakini kikundi cha waanika dagaa kukaa miezi mitatu bila dagaa, na mikopo iko nje!

Kikao cha kwanza baada ya tangazo kilikuwa kizito. Bibi mmoja, mwanahisa wa siku nyingi, alisimama akasema viongozi tulijua mapema na tumewakopesha rafiki zetu kabla ziwa halijafungwa. Akataka kikundi kivunjwe siku hiyo hiyo, kila mtu abebe chake. Wengine wakaitikia. Katibu, ambaye ni binti mdogo, machozi yakaanza kumlengalenga.

Koo langu lilikauka. Niliandika neno langu. Nikamwomba katibu asome mikopo yote iliyo nje, jina kwa jina, akianza na wangu na wa mweka hazina. Aliposoma hadi mwisho hapakuwa na rafiki wa siri. Ingekuwa rahisi kumgeukia bibi na kumwambia umeona sasa. Badala yake nikamwambia, "Bibi, shikamoo. Hesabu umeisikia. Naomba utuambie, katika miezi hii mitatu unachokiogopa hasa ni nini?"

Akakaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, nina wajukuu. Nikilipa rejesho hawali. Nisipolipa mtanitoa, na hisa zangu ndizo uzee wangu."

Baada ya hapo hakuna aliyetaja tena kuvunja kikundi. Mmoja baada ya mwingine walianza kusema lao: ada, kodi ya chumba, mume ambaye ni mvuvi na sasa yuko nyumbani hana kazi. Kile kilichoitwa wizi kilikuwa hofu, na hofu ikishasemwa inaweza kupangiwa hesabu. Tukaipangia. Wenye mikopo mikubwa walisogezewa marejesho hadi ziwa lifunguliwe, bila faini kwa kipindi hicho tu. Mchango mdogo wa mfuko wa jamii ukaendelea ili ugonjwa au msiba usimkute mtu mikono mitupu. Fedha kidogo iliyobaki sandukuni ikakopeshwa kwa walio tayari kufanya biashara nyingine. Wapo walionunua mawese Mwandiga na Simbo wakauza mjini, wapo waliopika sabuni, wapo waliochuuza unga wa muhogo. Bibi alichagua mawese, na wajukuu walimsaidia kujaza chupa.

Haikuwa miezi myepesi. Nilikuwa na jioni za kutembelea watu watatu, wanne, nikirudi nyumbani nimechoka kwa kusikiliza, maana kusikiliza uchungu wa watu nako ni kazi ya nguvu. Nilijiwekea kanuni kwamba siku moja ya juma sipokei shauri la kikundi, nabaki na wanangu. Wanachama waliizoea haraka kuliko nilivyotarajia.

Ziwa lilipofunguliwa Agosti, marejesho yalianza kuingia na mwalo ukarudi kuchangamka. Waliochelewa zaidi walikuja wenyewe kuomba ratiba mpya, bila kufuatwa. Mkutano mkuu ukaongeza kifungu kwenye katiba: mkopo wowote utakaotolewa ziwa likikaribia kufungwa lazima uwe na mpango wa marejesho wa kipindi hicho, na mkopaji aeleze mbele ya kamati atakula nini. Maneno hayo ya mwisho, atakula nini, aliyatoa bibi, na katibu akayaandika kama alivyoyasema.