Kitabu cha Ng'ombe Kisicho na Ng'ombe

Jana jioni binti yangu alikuwa akiandika insha ya Kiswahili kwenye tableti, akaniuliza bila hata kuinua kichwa: "Baba, ritifaa ya ng'ombe iko wapi kwenye hii kibodi?" Nikamwonyesha. Akaendelea na insha yake. Mimi mawazo yangu yakabaki Njoro.

Huko niliwahi kufanya kazi ya ushirika wa maziwa, iliyolipwa kwa mafungu. Wakulima walitaka miongozo yao ya ufugaji isomeke ndani ya kivinjari cha simu bila kupakua faili. Tukachukua PDF.js, programu huria ya kuonyesha faili za PDF ndani ya kivinjari, ambayo Mozilla, waundaji wa Firefox, waliianzisha mwaka 2011, tukaivalisha vitufe vyetu. Sehemu ya kutafuta maneno tuliiandika wenyewe. Kisomaji kinachokuja nayo kina yake tayari, lakini tulikiona kizito.

Hitilafu nyingine za wiki hiyo nizipite mbio. Kurasa ziligeuka nyeupe kwenye simu ndogo kwa sababu kila ukurasa uliochorwa ulibaki kwenye kumbukumbu. Ukurasa mmoja ulikula kama MB 18, kwa hiyo kurasa 40 zinafika MB 720. Tukabakisha kurasa 5 za karibu, na kanvasi za nyingine, yaani turubai ambazo kivinjari huchorea kurasa, tukazipa upana 0 na urefu 0 ili kumbukumbu iachiliwe. Ikaisha.

Ya ng'ombe ndiyo iliyonitoa jasho.

Asubuhi ilikuwa ya manyunyu na ofisi ilinuka maziwa yaliyomwagika yakakaukia sakafuni. Nje kulikuwa na foleni ya watu na mikebe yao. Katibu akamwita mzee mmoja kutoka kwenye foleni aijaribu sehemu ya kutafuta mbele yangu. Mzee akavua kofia, akafuta kidole kwenye koti, akaanza kuandika herufi moja moja: n, g. Akasita. Ritifaa ilikuwa upande wa pili wa kibodi, pamoja na nambari. Akaitafuta, akaipata, akarudi kwenye herufi: o, m, b, e. Akabonyeza.

Matokeo: 0.

Akapandisha ukurasa hadi kwenye jalada, ambako neno hilohilo limeandikwa kwa herufi za ukubwa wa kidole gumba. Akanigeuzia simu. "Kijana, kitabu cha ng'ombe hakina ng'ombe?"

Nikamwomba ajaribu tena. 0.

"Basi wameibwa usiku," akasema, na foleni nzima ikacheka. Nikacheka nao. Katibu hakucheka.

Nilikaa kwenye benchi kando ya mizani, nikafungua kipakatalishi, nikakiambia kinitajie nambari ambayo kompyuta huitambulia kila herufi. Ng'ombe wa mzee: 110, 103, 39, 111. Ng'ombe wa kitabu: 110, 103, 8217, 111. Aliyechapa mwongozo alitumia Word, nayo huipinda ritifaa bila kuulizwa ikawa alama ya kufungia nukuu, ilhali ya simu ya mzee ilikuwa imenyooka. Kwa macho ni pacha. Kwa kompyuta hata ukoo mmoja hawana.

Nilidhani ni kazi ya dakika 5, kugeuza 8217 iwe 39. Mwongozo wa pili ukawa na 8216, alama ya kufungulia nukuu. Wa tatu ulitumia 180, alama ya mkazo iliyosimama peke yake. Halafu "maziwa safi" nayo haikupatikana, kwa kuwa fonti ilikuwa imeunganisha f na i kuwa herufi moja, 64257. Dawa ya hiyo ni usawazishaji wa Unicode (mfumo unaozipa herufi nambari hizo) wa aina ya NFKC, unaoivunja tena kuwa f na i. Lakini NFKC haigusi 8217, na ile 180 huigeuza kuwa nafasi tupu yenye mkazo unaoning'inia juu yake. Kwa hiyo utaratibu una maana: kwanza ritifaa zote (8216, 8217, 700, 180, 96) ziwe 39, ndipo NFKC, ndipo herufi ndogo. Na neno analoandika msomaji lipitishwe njia ileile, jambo nililolisahau mara ya kwanza.

Mzee alikuwa hajaondoka, anakunywa chai. Akaandika tena. Ng'ombe wakajaa skrini, ila rangi ya njano ilianzia kwenye g na kumeza nafasi iliyofuata neno. Mistari ya chini ilianzia kwenye ritifaa.

"Wamerudi," akasema, "lakini hawana vichwa."

PDF.js huchora ukurasa kama picha, kisha hutandaza juu yake maandishi yasiyoonekana, na rangi ya utafutaji tuliipaka kwenye tabaka hilo. Tabaka lilikuwa bado na ﬁ moja, kwa kuwa tuliomba maandishi yasiyosawazishwa. Nakala niliyotafutia ilikuwa na f na i. Kila "safi" na kila "afisa" iliyotangulia iliisukuma rangi herufi moja kulia. Kinachotakiwa ni safu ya nambari, niliyoiita ramani: kwa kila herufi ya nakala iliyosawazishwa, unaandika nafasi yake kwenye maandishi ya asili. Neno likipatikana nafasi ya i likiwa na urefu n, rangi huanzia ramani[i] na kuishia ramani[i+n-1]+1. Vichwa vikarudi saa tisa alasiri. Mzee alikuwa ameshakwenda kukamua.

Miezi kadhaa baadaye nilichungulia sehemu ya kutafuta ya PDF.js yenyewe. Orodha ya alama za nukuu ilikuwemo. Ramani ya nafasi ilikuwemo. Mwenzangu anasema tufute msimbo wetu tutumie huo, na sina hoja ya kumpinga, ila kila nikiukaribia napata kazi nyingine ya dharura. Tena wetu bado una kasoro: jina kama Wambũi, pale ũ ilipohifadhiwa kama u na kiwimbi chake mbalimbali, halipatikani, maana nilisawazisha herufi mojamoja na NFKC haiwezi kuunganisha ilichopewa vipande vipande. Iko kwenye orodha ya kazi.

Binti alipokwenda kulala nilinakili ng'ombe mmoja kutoka kwenye insha yake, nikaangalia nambari. 8217.