Aliyenunua kwa Haki Asitishwe Nyumbani Kwake

Kuna kisa cha Aprili 2023 ambacho nikikikumbuka bado napandwa na hasira. Mwanamume mmoja huko Marekani, mpenzi wa Magic: The Gathering, mchezo wa kadi za kukusanya, aliagiza kadi za toleo la March of the Machine. Maboksi aliyoletewa yalikuwa na kadi za toleo jingine, The Aftermath, ambalo lilipangwa kutoka 12 Mei. Akazifungua mbele ya kamera na kuweka video YouTube, kama ilivyo kawaida yake. Siku chache baadaye, asubuhi, watu wa kampuni ya upelelezi ya Pinkerton walikuwa mlangoni kwake. Anasema walimtajia kifungo na faini, mkewe akalia, naye akawakabidhi kadi na kufuta video.

Wizards of the Coast, kampuni iliyo chini ya Hasbro inayotengeneza kadi hizo, ilikiri kwamba ndiyo iliyowatuma. Ilijitetea kuwa ilikuwa imemtafuta mtu huyo bila kujibiwa. Sawa, lakini asipojibu ndiyo umpelekee Pinkerton? Hao ndio waliopelekwa na silaha Homestead, Pennsylvania, mwaka 1892 kupambana na wafanyakazi wa chuma waliokuwa wamegoma, na watu wakafa. Mmarekani akisikia jina hilo mlangoni hahitaji kufafanuliwa. Na hapa kilichokuwa kinatafutwa ni kadi za karatasi ambazo mtu alizilipia.

Mimi ni muuzaji wa vitabu Mombasa, na kabla ya kufungua duka langu dogo niliajiriwa stoo katika duka kubwa zaidi. Kwa hiyo sidharau tarehe ya kutoka. Nimeshika maboksi yaliyobandikwa karatasi ya kukataza kuuza kabla ya siku fulani, na nikayaweka pembeni huku wateja wakiniuliza. Tarehe hiyo humlinda mwenye duka dogo. Boksi linalokwenda Voi kwa basi haliwezi kufika pamoja na la duka lililo karibu na bohari; bila siku moja ya kuanzia, mwenye duka la mbali atakuwa anauza kitabu ambacho kila mtu ameshakisoma. Pia humlinda msomaji asisimuliwe mwisho wa hadithi kabla hajaufikia. Hayo yote nayaunga mkono.

Ila mapatano hayo ni ya mchapishaji, msambazaji na muuzaji. Wao ndio wanaoahidiana, wengine hata kwa kutia sahihi. Mteja hakuahidi lolote. Ameona bidhaa inauzwa, ametoa pesa, amepewa risiti. Kosa lililotokea bohari au dukani haligeuki kuwa lake kwa sababu tu yeye ndiye rahisi kumpata.

Julai 2005 duka moja la Coquitlam, karibu na Vancouver, liliuza kwa bahati mbaya nakala 14 za Harry Potter and the Half-Blood Prince, siku kadhaa kabla ya tarehe 16 iliyopangwa. Mchapishaji wa Kanada, Raincoast, alikwenda Mahakama Kuu ya British Columbia na kupata amri: walionunua wasionyeshe kitabu hicho, wasikiuze, na wasikisome kabla ya siku yake. Wasikisome! Mzazi amemnunulia mtoto kitabu, mtoto amekikumbatia, halafu jaji anasema asifungue ukurasa. Raincoast pia iliahidi zawadi kwa watakaorudisha nakala zao. Ingeanzia hapo na kuishia hapo. Nina hakika wengi hurudisha wakiombwa vizuri. Wapenzi wa kitabu ndio wa kwanza kutaka siri yake itunzwe.

Linaloniuma zaidi ni kwamba ukali huu hupungua kadiri mkosaji anavyokuwa mkubwa. Mwaka 2019 kitabu The Testaments, riwaya ya Margaret Atwood, kilipangwa kutoka 10 Septemba. Maduka ya vitabu Marekani yalikuwa yametia sahihi kwamba hayatauza mapema. Amazon ikawatumia wateja wake nakala zinazokadiriwa kuwa 800, wiki moja kabla. Mchapishaji wake, Penguin Random House, ilitoa taarifa ya upole kwamba nakala chache sana zimetoka mapema kwa kosa la muuzaji, na kosa hilo limerekebishwa. Haikumtaja muuzaji huyo hata kwa jina. Walionunua waliachwa wasome kwa amani, na hapo ilifanya vyema kabisa. Lakini wenye maduka madogo walilalamika, chama chao kikalalamika, na kitabu kilibaki stoo kwao hadi siku iliyopangwa, wakati wateja wa Amazon walikuwa wameshaanza kukisoma.

Duka dogo lingevunja ahadi hiyohiyo, lingehofia kunyimwa kitabu kinachofuata. Sijasikia kwamba Amazon ilinyimwa chochote.