Meli Inayolala Upande na Kuinuka

Somo: Mithali 24:16, Luka 22:31–34, 54–62

"Kwa maana mwenye haki huanguka mara saba, akaondoka tena."

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mwaka 1939 mhandisi wa Ufini, Jaakko Rahola, alitoa tasnifu yake jijini Helsinki juu ya swali lililowasumbua waunda meli kwa muda mrefu: utajuaje, chombo kikiwa bado bandarini, kwamba hakitapinduka? Hesabu zilikuwapo tangu karne ya 18. Kilichokosekana ni kipimo cha kusema hapa panatosha, hapa hapatoshi. Rahola akakusanya habari za meli zaidi ya 30 zilizopinduka, akazichambua. Kazi ya huzuni hiyo, kushinda na waliozama ili wengine wasizame. Sisi tunaoikumbuka MV Bukoba, iliyozama Ziwa Victoria Mei 21, 1996, tunajua uzito wake.

Alichopima ni nguvu ya kurudi. Meli ikilala upande, uzito wake unavuta chini na maji yanaisukuma juu, lakini nguvu hizo mbili hazipiti tena kwenye mstari mmoja. Upana wa nafasi iliyo kati yake ndio unaoonyesha meli ina nguvu kiasi gani ya kujisimamisha. Rahola alitaka nafasi hiyo isipungue sentimita 14 meli ikiinama nyuzi 20, na sentimita 20 ikiinama nyuzi 30. Haifiki hata shibiri! Kanuni za kimataifa za mwaka 1968 zilifuata njia hiyohiyo, na zile sentimita 20 zipo hadi leo.

Hakuuliza kama meli inayumba, maana zote zinayumba. Tena ile yenye uzito mwingi kupita kiasi chini kabisa hujirudisha kwa kishindo, ikawarusha mabaharia na kukata kamba za shehena. (Wapo waumini wa namna hiyo. Hawainami hata kidogo, lakini ukikaa karibu nao utaumia.)

Miaka mingi kabla ya Rahola, Septemba 1870, manowari mbili za Uingereza, Captain na Monarch, zilikuwa katika msafara mmoja karibu na pwani ya Hispania. Jioni ya tarehe 6 Admirali Milne, mkuu wa msafara, alipanda Captain, akaona maji yakipita juu ya sitaha upande ulioinama. Hakulala humo. Usiku ule tufani ikazipiga zote mbili. Monarch nguvu yake ya kurudi iliendelea kukua mpaka nyuzi 40. Ya Captain ilianza kupungua baada ya nyuzi 21 tu. Captain ikapinduka na watu karibu 480, pamoja na Coles aliyeibuni. Walipona 18.

Upepo ulikuwa uleule. Ndivyo ulivyokuwa usiku wa Petro na Yuda: mmoja alimsaliti Bwana, mwingine akamkana mara tatu mbele ya moto wa uani. Kwa mtazamaji, wote wawili wamelala upande. Sidhani Petro alikuwa na moyo bora. Maneno makubwa aliyoyasema mezani yalikuwa shehena iliyopangwa juu ya sitaha, ile inayoipunguzia meli nguvu ya kurudi. Lakini Yesu alikwisha kumwambia: "Nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako." Hakumwombea asiyumbe. Alimwombea arudi, na alimwombea kabla jogoo hajawika.

Vipimo vya Captain navyo vilifanyika bandarini Portsmouth mwezi Julai, lakini hesabu zilikamilika meli ikiwa imekwisha kuondoka.

Kwa hiyo wiki hii, katika jumuiya na vikundi vya nyumbani, tuwaombee kwa majina, kabla hawajaondoka bandarini, wale ambao bado wanaimba kwaya, bado wanatoa sadaka, bado wanasema "niko salama tu". Wazee wa kanisa waanze na wachungaji wetu.