Siku moja garajini Malindi: filta iliyokataa kutoka

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mji bado haujachemka. Nanunua mahamri na mbaazi kwa mama anayepika karibu na kituo cha tuktuk, nakula nimesimama, kisha nafungua garaji. Garaji ni jina la heshima tu: ua wa mchanga, banda la makuti, kabati la chuma lenye kufuli, na mwembe mmoja mkubwa ambao kivuli chake ndicho piti yetu, yaani mahali pa kufanyia kazi chini ya magari. Leo Ijumaa, kwa hivyo kazi nzito iishe kabla ya adhuhuri, la sivyo ingoje alasiri.

Saa moja. Tuktuk imekatika kebo ya klachi. Dereva analalamikia bei ya petroli tangu anaingia hadi anatoka. Simlaumu.

Saa mbili. Inaingia Toyota Probox nyeupe kutoka Gongoni. Mwenyewe ni mzee anayebeba abiria na magunia kati ya huko na Malindi. Filta mpya ya oili anayo mkononi, oili amenunua njiani.

"Servisi tu, mwanangu. Saa nne nina mzigo Mambrui."

"Inshallah, mzee."

Najilaza chini ya gari na tochi. Magari ya upande wa Gongoni nayajua: viwanda vya chumvi viko pale pale, na upepo wa baharini nao huleta chumvi yake, kwa hivyo chuma hakina likizo. Kopo la filta limeota kutu kweli. Lakini kutu si neno. Kilichonitia wasiwasi ni mikwaruzo ya spana kwenye bati, na yote imelala upande wa kukaza. Aliyeifunga hii mara ya mwisho hakuridhika na mkono wake, akaisindikiza na spana ya cheni. Juu ya hayo mzee ananiambia, bila kuona haya, kwamba tangu wakati huo amekuwa akiongeza oili tu. Filta haijaguswa. Raba yake imepikwa na moto wa injini siku baada ya siku hadi imegandana na bloki, yaani mwili wa injini.

Kijana wangu wa kazi tayari ameshika spana ya kumwaga oili. Namzuia. Mafundi wengi humwaga oili kwanza kisha ndio waigeukie filta, na mimi sikubaliani nao. Filta ikikataa na oili umeshaimwaga, gari limekufa uani kwako. Ikikataa na oili ingali ndani, mteja anaweza kulipeleka kwa mwenye vifaa bora zaidi. Naigusa filta kwanza, ikicheza ndipo namwaga.

Tunawasha injini dakika chache ipate uvuguvugu, si moto wa kuunguza mkono. Raba hulainika kidogo. Nafuta kopo likauke, nazungushia kipande cha msasa, navuta kwa mikono miwili. Halitikisiki. Namwachia kijana ajaribu, naye akaanza kulizungusha upande wa kulia! Ukilala chini ya gari, kushoto na kulia hukupotea. Dawa yake ni moja: itazame filta usoni, kwenye ncha yake ya nje, kisha zungusha kinyume cha mshale wa saa. Ukiitazama kwa ubavu au kwa juu, utajikuta unaikaza.

Saa tatu. Spana ya mkanda inateleza. Naleta ya cheni, naikaza karibu kabisa na bloki, maana pale bati lina bamba nene nyuma yake. Ukishika katikati ya kopo unashika hewa, linabonyea tu.

"Fundi, si tulitoboe na bisibisi?" kijana ananiuliza. Ameona watu wakifanya hivyo barabarani, na wakati mwingine inafaulu. Mimi siipendi. Bati la filta ni jepesi, kwa hivyo bisibisi ikipata upinzani hulichana kuzunguka kama kopo la maziwa, na kitako, ule upande uliofungwa kwenye bloki, kinabaki pale pale kikikutazama. Tena ukiipigilia ndani sana, unafikia kile kipande cha bomba chenye thredi (mifuo kama ya skrubu) kinachotoka kwenye bloki. Kikipinda, servisi imegeuka kazi ya injini.

Basi tukaenda na cheni. Lakini kutu ilishalila bati, na cheni yenyewe ikalipasua. Oili ikaanza kutiririka hadi kwenye kiwiko changu. Hapo hakuna tena cha kulinda: tukaleta karai, tukafungua nati ya chini, tukamwaga yote. Mzee akatoka kivulini, akachungulia, akarudi kukaa bila neno. Baada ya kitambo nikamsikia akipiga simu Mambrui.

Saa nne. Nakata kopo kwa mkasi wa bati, natoa karatasi ya kuchujia iliyogeuka lami nyeusi. Kimebaki kitako: bamba la duara lenye matundu madogo pembeni na tundu kubwa la thredi katikati. Sasa ni patasi na nyundo ndogo. Naweka ncha ya patasi kwenye ukingo wa bamba, kwa mshazari, ielekee upande wa kufungua, nagonga taratibu. Pigo moja hapa, nasogea, jingine pale. Si nguvu, ni kuizungukia. Na patasi isiguse kabisa uso wa bloki pale raba inapokaa, maana mkwaruzo mmoja hapo utavujisha oili kila filta utakayoifunga.

Mwanzoni sauti ilikuwa kali, ya chuma kikavu. Kisha ikabadilika, ikawa nzito kidogo, na ukingo ukasogea upana wa ukucha. Kutoka hapo nikaizungusha kwa vidole.

Namwonyesha kijana kitako na kumwuliza kimepungua nini. Akatazama, akacheka: raba haipo. Imebaki imeng'ang'ania bloki, nyembamba na nyeusi, ukipita haraka utadhani ni sehemu ya injini. Ukifunga filta mpya juu yake, raba mbili hazishiki. Oili itamwagika yote njiani, na injini isiyo na oili haina muda. Naibandua kwa kipande cha plastiki, nafuta mpaka chuma king'ae.

Saa tano. Kabla ya kufunga, nalinganisha filta ya mzee na kile kitako. Thredi za Toyota hii ni inchi 3/4, na zipo filta za milimita 20 zinazofanana nayo machoni. Hiyo itaingia, itacheza, haitashika. Ya mzee ni sawa, alhamdulillah. Napaka raba oili safi kwa kidole, nazungusha kwa mkono hadi raba iguse bloki, halafu robo tatu ya mzunguko. Spana inabaki chini. Kijana anaandika tarehe na kilomita kwenye kopo kwa kalamu ya wino mzito. Injini hii ya 1NZ hunywa kama lita 3.7 pamoja na filta. Tunawasha, taa ya oili inazima, tunachungulia chini: pakavu.

Kuhusu malipo tulivutana kidogo. Nilikuwa nimemtajia 500, sasa nasema 1,200. "Si servisi ni ile ile?" Nikampa kitako akishike. Tukakutana 900.

Saa sita. Kunawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga, hasa kucha, maana grisi huzuia maji ya udhu. Msikitini.

Alasiri ilikuwa nyepesi. Seremala wa jirani alikuja na dumu kuchukua oili chafu. Hupaka miguu ya nguzo ili mchwa wasile. Namwachia kila mara, kuliko imwagwe mchangani na visima vyetu vilivyo vifupi.

Saa kumi na moja, nikifunga kabati, mzee akapiga simu kutoka Gongoni. Oili haijapungua hata tone, taa haijawaka. Ila sasa, kwa kuwa injini imetulia, anasikia breki za mbele zinalia. Nikamwambia alete Jumatatu, na aje mapema.